Koha, SLiMS, ABCD au Evergreen: ipi iendeshe katalogi ya maktaba yako?

Mkuu wa shule anapouliza tuweke programu gani maktabani, au chuo kinapotangaza zabuni, mazungumzo huanzia kwenye skrini: ipi inapendeza, ipi inatoa ripoti haraka, ipi inachapa vitambulisho vya wasomaji. Wakutubi wengi tumezoea kuchagua hivyo. Naandika ulinganisho huu ili anayechagua mwaka huu aanzie kwingine, kwenye rekodi. Programu utaibadilisha tu siku moja, hilo halina shaka. Rekodi za vitabu elfu nane zilizoingizwa moja moja ndizo mali ya maktaba, na swali la kwanza la kuiuliza programu yoyote ni hili: siku nikiondoka, natoka na nini?

Nalinganisha programu huria nne, Koha, SLiMS, ABCD na Evergreen. Kabla ya kuzigusa napitia Excel na WinISIS, toleo la Windows la CDS/ISIS, programu ya zamani ya UNESCO ya kuhifadhi rekodi, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakotoka. Programu za kulipia leseni naziacha kando: bei na masharti yake hutegemea mkataba wa kila mteja, kwa hiyo ukizilinganisha kijuujuu utampotosha msomaji.

Rekodi kwanza

Tangu 1901 Library of Congress ya Marekani ilikuwa ikichapa kadi za katalogi na kuziuzia maktaba nyingine. Miaka ya 1960 ikamkabidhi Henriette Avram, mtaalamu wa kuandika programu ambaye hakusomea ukutubi, kazi ya kuingiza kadi ile kwenye mashine. Majaribio yalianza 1966 yakishirikisha maktaba 16, na ndiyo yaliyozaa MARC, muundo wa kuandika rekodi ya kitabu ili mashine iisome. Toleo tunalotumia leo, MARC 21, lilitoka 1999 baada ya Marekani na Kanada kuunganisha miundo yao.

Ndani ya MARC kila taarifa ina namba yake. Chukua riwaya ya Kiswahili iliyochapwa Dar es Salaam. ISBN, namba ya kimataifa ya kitabu, inakaa kwenye 020, mwandishi kwenye 100, jina la kitabu kwenye 245. Ndani ya 245 kuna vijisehemu vyenye herufi: jina kuu linaingia $a, jina dogo $b, na waandishi kama walivyotajwa kwenye ukurasa wa jina wanaingia $c. Mji, mchapishaji na mwaka viko 264 (kwenye rekodi za zamani utavikuta 260), idadi ya kurasa iko 300, mada iko 650. Namba ya Dewey, ya kupangia vitabu rafuni kwa mada, inaingia 082, na kwa riwaya yetu ni 896.3923: tarakimu 896.392 ni fasihi ya Kiswahili, na 3 ya mwisho ni riwaya na hadithi. Lugha inaandikwa kwa herufi tatu, swa, kwenye nafasi ya 35 hadi 37 ya sehemu ya 008.

Ni kazi, sikatai, na mkutubi mpya huchoka nayo wiki za mwanzo. Faida yake ni kwamba rekodi iliyoandikwa hivyo mara moja inasomeka kokote, kwenye programu yoyote ya maana, bila mtu kuiandika upya.

Hapo ndipo programu zetu nne zinapoachana. Koha na Evergreen zinahifadhi rekodi nzima ya MARC ndani ya kanzidata. ABCD inahifadhi muundo wowote utakaouchagua mwenyewe, MARC ikiwemo. SLiMS ina majedwali yake: safu ya jina la kitabu, safu ya toleo, safu ya ISBN na kuendelea. Inaweza kupokea na kutoa MARC, lakini taarifa isiyo na safu kwenye jedwali lake haina pa kukaa. Kwa kitabu cha kiada cha Fizikia hutaona tofauti. Kwa mkusanyiko wa miswada ya kale, ramani, au jarida lililobadili jina mara kadhaa, utaiona, na utaiona umechelewa, siku unapohama.

Kama bado uko WinISIS au Excel

CDS/ISIS ilitolewa na UNESCO kwa ajili ya kompyuta ndogo mwaka 1985, ikagawiwa bure kwa taasisi zisizofanya biashara, na kizazi kizima cha wakutubi wa Afrika kilijifunza kompyuta kupitia programu hiyo. Iliheshimika kwa haki. Ilikubali sehemu zinazojirudia, ilikubali maandishi marefu, na ilikwenda kwenye mashine dhaifu ambazo leo hata kivinjari zisingekifungua.

Tatizo la WinISIS sasa ni la kimashine. Iliandikwa kwa biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Ndiyo maana unakuta kompyuta moja ya zamani kwenye kona ya ofisi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuizima. Ikifa diski ya kompyuta hiyo, katalogi yote imekwenda nayo. Kama maktaba yako iko hivyo, acha kusoma kidogo, nakili folda nzima ya data, hasa faili za MST na XRF, uziweke mahali pawili tofauti, kisha urudi.

Kuhama kunawezekana na si kugumu kama watu wanavyotishana. WinISIS inatoa faili la ISO 2709, bahasha ileile inayobebea MARC. Kinachotofautiana ni namba za ndani. Maktaba nyingi zilianza na kanzidata ya mfano iliyokuja na programu, iitwayo CDS: humo jina la kitabu liko 24, mchapishaji 26, kurasa 30, maneno ya mada 69, waandishi 70. Kwa hiyo 24 inahamia 245, 26 inahamia 264, 30 inahamia 300. Mwandishi wa kwanza wa 70 anakwenda 100 na wanaofuata wanakwenda 700. Sehemu ya 69 ndiyo yenye kazi, kwa sababu maneno yote ya mada yamewekwa pamoja, kila moja ndani ya alama za < na >, hivyo inabidi yakatwe na kila neno lipate 653 yake, namba ya maneno huru ya mada. Ukishamaliza hapo ndipo unaamua lipi kati ya hayo linastahili kuwa mada rasmi ya 650.

Aliye kwenye Excel ana njia fupi zaidi. MarcEdit, programu ya bure ya Terry Reese, inasoma jedwali na kukuuliza safu ipi iende namba ipi. Kabla ya hapo safisha jedwali. Tenganisha mwandishi na jina la kitabu kama viliwekwa kwenye kisanduku kimoja, na usiruhusu Excel igeuze ISBN kuwa namba ya kihesabu, maana itakuonyesha 9.78E+12, na ukilihifadhi jedwali hivyo kama faili la CSV tarakimu za mwisho hutazipata tena.

Koha

Koha ilizaliwa kwenye maktaba za umma za Horowhenua, New Zealand, na sababu yake inafanana sana na za kwetu. Mwaka 1999 programu yao ya zamani ilikuwa haiwezi kuvuka mwaka 2000, na zile za kununua zilihitaji laini za mawasiliano za gharama kubwa kati ya tawi na tawi. Kampuni ndogo iitwayo Katipo Communications ikapendekeza programu itakayofunguliwa kwa kivinjari na kupita kwenye laini ya simu ya kawaida. Ilianza kazi Januari 2000, na wakaamua kuitoa iwe huria. Toleo la mwanzo halikuwa na MARC. Maktaba ya umma ya Nelsonville, Ohio, ilipoitaka programu hiyo ikachangia fedha ili MARC iongezwe, na kwa sababu programu ni huria, walichokilipia Ohio sote tunakitumia.

Leo inabeba kila kitu: uorodheshaji, uazimishaji, wanachama, ununuzi, majarida, ripoti, na ukurasa wa msomaji kutafutia mwenyewe. Matoleo makubwa yanatoka mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na namba yake ni mwaka na mwezi, yaani 24.11 ni ya Novemba 2024. Hilo linakusaidia kumpima anayekuuzia huduma. Akikuwekea toleo la miaka mitano iliyopita, namba itamsema.

Jambo ambalo nalithamini zaidi kwenye Koha ni namna inavyoingiza rekodi kwa mafungu. Unapandisha faili la MARC, linakaa pembeni kwanza, unaangalia rekodi zipi zinagongana na zilizopo, ndipo unaziingiza kwenye katalogi. Ukigundua kosa unaondoa fungu zima. Kwa maktaba inayohama kutoka WinISIS hii ni nafasi ya kujaribu, kukosea na kurudia mpaka rekodi zikae sawa, bila kuogopa.

Gharama yake ni mtu. Koha inakaa kwenye Linux, kwa kawaida Debian au Ubuntu, ikiwa na Apache (seva ya wavuti), MariaDB (kanzidata) na mtambo wa kutafutia, Zebra au Elasticsearch. Kuiweka kutoka kwenye vifurushi rasmi ni kazi ya siku moja kwa anayejua Linux. Kuitunza ni kazi ya kila mwezi: kuboresha toleo, kuangalia kama nakala rudufu zinatoka, kupanga upya faharasa utafutaji unapoanza kuficha vitabu. Chuo chenye kitengo cha TEHAMA kitaweza. Shule ya sekondari ambayo mwalimu wa Jiografia ndiye mkutubi, na hakuna anayejua Linux karibu, itaiwasha vizuri mwezi wa kwanza, na tatizo la kwanza likitokea watarudi kwenye daftari.

Kuhusu msaada hutakuwa peke yako. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya na Tanzania viko kwenye Koha, na mwaka 2015 mkutano wa dunia wa wanajumuiya wa Koha ulifanyika Ibadan, Nigeria. Kabla ya kusaini popote, nenda chuo jirani kinachoitumia, omba kukaa na mkutubi wa zamu asubuhi moja, na uulize nani huja mashine inapogoma.

SLiMS

SLiMS ilitengenezwa Jakarta, kwenye maktaba ya Wizara ya Elimu ya Indonesia, ikatolewa huria mwaka 2007. Imeandikwa kwa PHP na MySQL, na hapo ndipo penye nguvu yake: inakaa kwenye Windows ya kawaida kupitia XAMPP, kifurushi kinachobeba PHP na kanzidata pamoja, kwenye kompyuta mpakato iliyo mezani. Mwalimu anayeweza kuweka programu ya kawaida anaweza kuweka SLiMS. Nakala rudufu ni faili moja la SQL na folda ya picha, vyote vinaingia kwenye flashi.

Kwa shule ya vitabu elfu mbili hadi elfu tano, yenye mkutubi mmoja na bila fundi, nachagua SLiMS na sioni haya kusema hivyo mbele ya wanaoamini Koha peke yake. Ina uazimishaji, ina tarehe za kurudisha na faini, inachapa bakodi na vitambulisho, na skrini yake haimchanganyi mtu. Fomu ya kuingiza kitabu inauliza mambo ambayo mwalimu anayaelewa: jina, mwandishi, toleo, mchapishaji, mwaka, mada. Koha inakuonyesha 245 na $a, na bila mafunzo utapotea.

Mambo mawili uyashike. La kwanza, XAMPP inavyokuja haina nenosiri kwenye kanzidata. Weka nenosiri siku hiyohiyo, na usiifungulie intaneti mashine hiyo bila mtu anayejua usalama wake. La pili, fanya zoezi la kutoa rekodi mapema, mara vitabu vya kwanza hamsini vikishaingia. Zitoe, zifungue kwenye MarcEdit, uone nini kimefika na nini hakikufika. Kama kuna taarifa unayoihitaji na haikufika, bora uijue ukiwa na vitabu hamsini.

ABCD

ABCD ni mrithi wa ISIS. Ilijengwa kwa ushirikiano wa BIREME, kituo cha taarifa za afya kilichoko São Paulo, na Wabelgiji wa VLIR-UOS, ushirikiano wa vyuo vikuu vya Flanders, na lengo lilikuwa kuwahamisha watumiaji wa CDS/ISIS kwenda kwenye kivinjari bila kuwatupia mbali walichokijua. Kanzidata inabaki ya ISIS. Sehemu zako za 24, 26 na 70 zinaweza kubaki zilivyo, na fomu zako za kuonyesha rekodi unaendelea kuziandika kwa lugha ileile ya ISIS. Inakwenda Windows na Linux.

Mtu aliyekaa miaka mingi na ISIS, mwenye kanzidata ambazo si za vitabu peke yake, kwa mfano ripoti za utafiti, picha, au nyaraka za kijiji, atajisikia nyumbani. Uhuru wa kubuni muundo wake mwenyewe hataupata kwenye Koha kwa urahisi huo. Tatizo ni watu. Jamii yake ni ndogo, maelezo mengi na mabishano ya kiufundi yako kwa Kihispania, na kijana anayetoka chuo cha ukutubi leo ana uwezekano mkubwa wa kuijua Koha na kutoijua lugha ya ISIS. Mkutubi mkuu akistaafu, nani atashika? Kama huna jibu la swali hilo, ABCD iwe daraja la kuvukia, maana nayo inatoa ISO 2709.

Evergreen

Hii sitaikalia. Jimbo la Georgia, Marekani, liliijenga kwa ajili ya mtandao wa PINES, zaidi ya maktaba 250 za umma zenye katalogi moja na kadi moja ya mwanachama, na ikaanza kazi Septemba 2006. Kwa kazi hiyo ni bora kuliko zote hapa. Kitabu kikiwa tawi moja, msomaji wa tawi jingine anakiomba na kinasafirishwa. Kama wewe ni mpangaji wa mtandao wa maktaba za mkoa au kaunti nzima, wenye gari la kusambaza vitabu na wahandisi wa kudumu, iweke mezani pamoja na Koha. Maktaba moja haina sababu ya kubeba mzigo huo.

Jaribio la Kiswahili ambalo hakuna muuzaji atakuonyesha

Maonyesho ya programu hufanywa kwa vitabu vya Kiingereza, na hapo zote zinatafuta vizuri. Peleka vitabu vyako vya Kiswahili.

Anza na ng'ombe. Ingiza kitabu chenye neno hilo kwenye jina, kisha litafute kwa alama iliyonyooka, halafu kwa ile iliyopinda ambayo Word na simu huiweka zenyewe, halafu bila alama. Kwa mtu ni neno moja. Kwa kompyuta ni maandishi matatu tofauti, mpaka mtu aielekeze vinginevyo. Kwenye programu inayolinganisha herufi kwa herufi, msomaji aliyeandika kwa simu ataambiwa kitabu hakipo, na kiko rafuni. Kwenye Koha namna ya kuichukulia alama hiyo inapangwa kwenye mtambo wa kutafutia, kwa hiyo mwambie fundi aipange kabla rekodi hazijaingia kwa wingi, na akishapanga, faharasa yote ijengwe upya. Upande wenu, kubalianeni kwamba wote mnaandika alama iliyonyooka.

Jaribio la pili ni mtoto na watoto. Mitambo ya kutafutia ina mbinu ya kukata mwisho wa neno, na lugha za Ulaya zinafaidika, maana maneno yao mengi hubadilika mwishoni. Ya kwetu yanabadilika mwanzoni: mtoto, watoto, kitabu, vitabu, mkulima, wakulima. Nyota (*) unayoweka mwisho wa neno ili miisho yote itafutwe haikusaidii kitu. PostgreSQL, ambayo Evergreen inaitegemea, inakuja na kanuni za lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Koha haina dawa ya moja kwa moja nayo, ila ina njia ambayo naipenda kwa sababu inampa mkutubi kazi yake halisi. Unatengeneza rekodi ya udhibiti, yaani rekodi inayochagua umbo moja rasmi la neno au jina: mada "Watoto" unaiweka kwenye 150, mahali pa umbo rasmi, na kwenye 450, mahali pa maumbo mengine, unaandika "Mtoto". Halafu kwenye mipangilio unawasha IncludeSeeFromInSearches, ambayo isipowashwa maneno ya 450 hayahusishwi kwenye utafutaji wa vitabu, na unajenga faharasa upya. Kuanzia hapo msomaji akiandika mtoto, vitabu vyote vilivyowekwa chini ya mada ya Watoto vinatoka.

Njia hiyohiyo inatibu majina ya waandishi. Shaaban Robert ni mfano ulio karibu. Mkutubi mmoja ataandika "Robert, Shaaban", mwingine "Shaaban Robert", wa tatu "Robert, Sh.", na vitabu vya mtu mmoja vitatawanyika pahali patatu kwenye orodha ya waandishi. Majina yetu ya pwani yenye bin na binti, na yale ya Waislamu wanaotumia jina la baba na la babu bila jina la ukoo, yana shida hiyo hiyo. Rekodi ya udhibiti inachagua umbo moja, ikiweka na miaka, 1909-1962, ili asichanganywe na mwingine, na maumbo yaliyobaki yanaelekeza huko. SLiMS ina orodha ya waandishi inayojitokeza unapoanza kuandika jina, na kwa maktaba ndogo inatosha mradi mtu asiongeze jina jipya kabla ya kuangalia lililopo. ABCD inakuruhusu kujenga orodha kama hiyo kwa mikono yako.

Usiandike ambacho kimeshaandikwa

Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yake kununua machapisho ya Afrika Mashariki na nchi jirani. Kwa hiyo vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala vina rekodi tayari Washington, zimeandikwa na watu wanaojua wanachokifanya. Itifaki ya Z39.50 inakuwezesha kuzichukua bure: unaandika ISBN, rekodi inatokea, unaikagua, unaihifadhi, unaongeza nakala zako. Vitabu vyetu vya zamani visivyo na ISBN utavitafuta kwa jina na mwandishi, na hapo jaribu zaidi ya tahajia moja.

Kwenye Koha na Evergreen kazi hii imekaa vizuri sana, na rekodi inaingia nzima. SLiMS nayo ina njia ya kunakili kutoka Library of Congress, ikichukua kile ambacho majedwali yake yanakibeba. Kinachobaki kwa mkutubi ni kukagua. Mada zitakuja kwa Kiingereza. Ziache, na uongeze za Kiswahili chini yake, ili mwanafunzi wa kidato cha pili anayetafuta "ndoa" asikose kitabu kwa sababu kimeandikwa Marriage peke yake.

Kunakili huku ndiko kunakohitaji intaneti. Uazimishaji na utafutaji wa ndani hauhitaji. Programu zote nne zinafunguliwa kwa kivinjari, na watu wengi hudhani lazima kuwe na bando. Seva ikiwa ndani ya jengo, waya na ruta ya kawaida vinatosha kuendesha maktaba nzima. Umeme ndio wenye maneno. Kanzidata ikizimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibika, hivyo seva ya Koha isikae siku moja bila UPS, betri ya akiba ya kompyuta. Shule inayotumia SLiMS kwenye kompyuta mpakato ina betri tayari, na hiyo ni faida ambayo bajeti huwa haiihesabu.

Ukimlipa mtu akuwekee

Maktaba nyingi zitaamua kuwa na kampuni inayowatunzia Koha kwenye seva yake. Ni uamuzi mzuri kwa chuo kisicho na fundi, na mara nyingi ni salama kuliko seva iliyowekwa chini ya meza ya mapokezi. Soma mkataba ukiwa na mambo haya kichwani.

Anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la taasisi. Ikisajiliwa kwa jina la kampuni, siku mkigombana wasomaji wenu watafungua ukurasa wa mtu mwingine.

Uliza taarifa za wanachama ziko nchi gani na nani anazisoma. Orodha ya alichoazima msomaji ni taarifa binafsi, na sasa ina sheria: Kenya tangu 2019, Tanzania kwa sheria ya 2022. Koha inaweza kufuta uhusiano kati ya msomaji na kitabu alichokwisha kurudisha, lakini mpaka mtu apange iwe hivyo.

La mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mkataba useme kila mwezi mnakabidhiwa nakala ya kanzidata nzima. Faili la MARC peke yake halitoshi. Ndani yake mna vitabu, na kwenye Koha hata nakala zake zimo kwenye 952, ila hakuna wanachama, hakuna walioazima, hakuna faini wala ununuzi. Koha iliyowekwa kwa vifurushi vya Debian inatoa nakala kamili kila usiku kwenye /var/spool/koha, kwa hiyo mtoa huduma hana kazi ya ziada ya kukudai pesa. Ikabidhiwe kwa mtu anayetajwa kwa cheo chake, na mara moja kwa mwaka ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ionekane inafunguka. Sharti hilo liingie kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza, wakati kampuni bado inaitaka kazi.